Ukitaka kuchunguza vizingia vya maji, anza kwenye mdomo wa bomba

Vijana wanaomaliza masomo ya fizikia hapa Bukavu huniuliza: nitumie programu gani ya kompyuta ili nichunguze vizingia vya maji, yaani maji yanayojizungusha? Jibu langu halibadiliki. Kompyuta iache kwanza. Nenda mahali pampu inapofyonza maji, ukae hapo asubuhi nzima ukiangalia.

Kazi yangu kwa miaka mingi ni pampu, na mara nyingi naitwa wakati pampu inakoroma. Mwenyewe amekwisha badilisha beringi, pengine hata mota, na kelele bado ipo. Ukifunua tanki unakuta pampu haina kosa. Juu ya bomba la kufyonza kuna kizingia chenye shimo katikati, na kwa shimo hilo hewa inateremka hadi ndani ya bomba. Pampu ikimeza hewa inatetemeka na kupoteza nguvu, na huko juu mlimani watu wanabaki na bidoni tupu.

Kwa hiyo jifunze kuusoma uso wa maji. Watafiti wa matanki ya pampu wamepanga vizingia katika daraja 6. La 1, uso unazunguka tu. La 2, unabonyea. La 3, ukidondosha rangi inajichora kama uzi unaoshuka hadi mdomo wa bomba. La 4, kizingia kinavuta majani na takataka zinazoelea. La 5, viputo vya hewa vinashuka. La 6, shimo la hewa limefika mdomoni moja kwa moja. Wengi hushtuka wakiona la 6. Mimi hata la 3 likidumu nalikataa, maana kina cha maji kikipungua kidogo tu, hewa itafuata. Na tafadhali, angalia ukiwa pembeni. Usiingie ndani ya maji wakati pampu inafanya kazi, na usichezee mikondo ya mto Ruzizi karibu na bwawa la umeme.

Kizingia kinazaliwaje? Maji yakija yameegemea upande mmoja, yanafika kwenye bomba tayari yana mzunguko kidogo. Kadiri yanavyokaribia katikati, kasi ya kuzunguka inapanda: umbali ukipungua nusu, kasi inakuwa mara mbili, ukibaki sehemu ya kumi, kasi ni mara kumi. Presha ya katikati inaanguka, na uso unabonyea. Ndiyo sababu plastiki zetu ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila mtu hapa anajua jinsi chupa na mifuko inavyoteremka na mvua hadi ziwani, kisha hadi kwenye malango ya bwawa la Ruzizi. Mfuko ukiziba nusu ya wavu wa tanki, haupunguzi maji tu. Unayalazimisha yapite upande mmoja, na hapo mzunguko unaanza. Safisha wavu kabla hujagusa kitu kingine.

Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alionyesha mwaka 1858 kwamba mstari wa kizingia hauwezi kukatika katikati ya maji. Lazima ujifunge kama pete au uishie kwenye mpaka, yaani usoni, ukutani au sakafuni. Hiyo ni nadharia ya maji yasiyo na msuguano, lakini mimi huitumia kila wiki. Uso ukiwa shwari na pampu bado inanguruma, naacha kuangalia juu. Naingiza rangi ya chakula kwa mrija mwembamba karibu na sakafu na kuta. Vizingia vya chini havionekani bila rangi.

Sasa kina. Kuna kanuni inayotumiwa sana na mainjinia: kina cha chini kabisa juu ya mdomo ni D × (1 + 2.3F), ambapo D ni upana wa mdomo kwa mita, na F ni kasi ya maji mdomoni ukiigawa kwa kipeuo cha pili cha 9.81 × D (9.81 ni mvuto wa dunia). Chukua mdomo wa sentimita 10, kasi mita 1.7 kwa sekunde, yaani lita 13 hivi kila sekunde. Unahitaji karibu sentimita 50 za maji. Panua mdomo uwe sentimita 15, lita zilezile, na sentimita 37 zinatosha. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea mdomo huo uliopanuka, pamoja na msalaba wa bati wa kuweka chini yake kuzuia mzunguko.

Waliosafiri kwa basi hadi Kampala wameona pale Kayabwe, kwenye ikweta, beseni la maji likihamishwa upande huu na ule wa mstari, ili kuonyesha eti maji hugeuka kinyume. Usiliingize katika utafiti wako. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, kaskazini-mashariki mwa Marekani, alihitaji tanki la upana wa mita 1.8 lililotulia siku nzima ili aone athari ya mzunguko wa dunia. Bukavu, digrii 2.5 kusini, athari hiyo ni kama mara 15 ndogo kuliko kwake. Kizingia chako kikigeukia upande uleule daima, tafuta sababu kwenye bomba linaloingiza maji.

Zoezi lingine halihitaji pesa. Simamisha nguzo ya duara ya sentimita 10 kwenye mfereji. Nyuma yake vizingia vinatoka kwa zamu, kulia na kushoto. Hesabu jozi kwa sekunde, zidisha kwa upana wa nguzo, gawa kwa kasi ya maji: utapata karibu 0.2. Ndiyo namba ya Strouhal, mwanafizikia Mcheki aliyeanza kuichunguza mwaka 1878 kwa waya zinazolia upeponi. Kwa maji ya nusu mita kwa sekunde ni jozi moja kila sekunde, macho yanatosha.

Baada ya hapo, fungua kompyuta. OpenFOAM, programu ya kukokotoa mwendo wa maji na hewa, ni ya bure. Anza na nguzo ileile, namba ya Reynolds (inayolinganisha nguvu ya mwendo wa maji na msuguano wake) 100, ambako jibu linalojulikana ni karibu 0.165, dogo kuliko la mferejini kwa kuwa hapo msuguano wa maji una uzito zaidi. Usipolipata, rekebisha gridi (vipande vidogo ambavyo programu inagawa maji) na hatua za muda; tanki la pampu lenye uso huru na hewa lisubiri.