Barua kwa mwanangu kuhusu mtoano na mgawo wake

Columbus, Ohio

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana uliurekodi barabarani na upepo ulikuwa unakumeza maneno. Umeniuliza hivi: huu mtoano wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu ulihitajika kweli, au ni mlango tu wa watu kuchuma? Na wanaochuma ni akina nani? Umesema wenzako kazini mmebishana mpaka chakula kikapoa. Nimeona nikuandikie, kwa sababu jambo lenyewe halitoshi kwenye simu.

Ndiyo, baba, mtoano ulihitajika. Mimi nimekulia Tanga. Coastal Union ilipotwaa ubingwa mwaka 1988 hakuna aliyepiga kura, pointi zilihesabiwa na kila mtu akaziona. Nilipofika huku nikakuta bingwa wa taifa anapatikana kwa kura za waandishi na makocha! Msimu ulikuwa unaisha kwa mechi za mwaliko, Rose Bowl, Sugar Bowl na nyinginezo, halafu watu wanakaa chini kuamua nani bora. Kuanzia 1998 wakachanganya kura na hesabu za kompyuta ili wapatikane wawili wa kucheza fainali. Mwaka 2004 timu ya chuo cha Auburn ilishinda mechi zote, ikaachwa nje. Mwaka 2008 Utah nayo hivyo hivyo. Ikapelekwa Sugar Bowl, ikaifunga Alabama 31 kwa 17, na bado taji likaenda kwingine. TCU, chuo kimoja cha Texas, nao walimaliza msimu wa 2010 bila kufungwa, wakashinda na Rose Bowl. Walichokosa ni nafasi tu. Kijana aliyeshinda kila mechi aliyopangiwa, umwambie nini?

Mtoano wa timu nne ulianza msimu wa 2014, na Ohio State wetu wa hapa Columbus ndio waliobeba taji la kwanza. Lakini timu hizo nne zilichaguliwa na kamati. Mwaka 2023 Florida State ilishinda mechi 13 kati ya 13, kamati ikaiacha kwa kuwa kwotabeki wake, yule anayeongoza mashambulizi, alikuwa ameumia mguu. Nililia siku ile, sikufichi. Mtoto ameumia akiwatumikia, kisha wenzake wanaadhibiwa kwa ajili ya jeraha lake.

Tangu msimu wa 2024 timu ni 12, na raundi ya kwanza huchezwa kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe. Unakumbuka mwaka ule Ohio State walivyofungwa na Michigan hapahapa nyumbani, 13 kwa 10, mji mzima ukanuna? Zamani msimu wao ungekuwa umeishia pale. Wakaingia mtoano, wakawatoa Tennessee, Oregon na Texas, kisha Notre Dame kwenye fainali. Wapo wanaosema hilo limeishusha thamani mechi ya Michigan. Nawaelewa. Ila mimi naona heri timu ipewe nafasi ikosee uwanjani kuliko kunyimwa mezani.

Sasa pesa, na hapa ndipo moyo wangu unapopanda.

Usidhani zamani palikuwa pasafi. Chuo kikialikwa kwenye zile mechi za mwaliko kilibebeshwa maelfu ya tiketi, zisizouzika ni hasara yake. Connecticut walialikwa Fiesta Bowl Januari 2011 wakapewa tiketi 17,500. Waliuza chache mno, wakarudi na hasara ya zaidi ya dola milioni moja na nusu. Yaani mgeni anaitwa karamuni halafu analipishwa viti vitupu. Kwa hiyo anayekwambia mtoano ndio ulioleta tamaa, mkumbushe hilo.

Mtoano umeongeza kiasi tu, na kubadilisha mikono. Televisheni ya ESPN ilianza kwa kulipa takriban dola milioni 470 kwa mwaka, na mkataba mpya unafika kama bilioni 1.3 kwa mwaka. Msimu wa 2024 kuingia tu mtoano kulileta dola milioni 4, robo fainali milioni 4 nyingine, nusu fainali 6, fainali 6. Hizo zilikwenda kwa ligi ambayo timu imetoka, nayo ndiyo iliyogawa. Notre Dame hawana ligi ya futiboli, wakafika fainali, milioni 20 zote zikawa zao. Kuanzia 2026 ligi mbili kubwa, Big Ten na SEC, zinachukua karibu asilimia 29 kila moja. Ligi ndogo zote, kama ile walimokuwa Utah na TCU enzi zile, zinagawana chini ya sehemu moja ya kumi. Waliougua ndio walioachiwa makombo ya dawa.

Na wachezaji? Mpaka 2021 malipo yao yalikuwa hasa ada, kitanda na chakula. Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mchezaji Alston dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, majaji wote tisa upande wa wachezaji, na mwezi uliofuata wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya jina na sura zao. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha vyuo viwalipe moja kwa moja, mwisho dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, wanamichezo wote wa chuo. Nimefurahi, lakini ukomo ni uleule kwa chuo kilichocheza mechi 12 na kwa kinachocheza 16, kama Ohio State msimu wa 2024. Na Novemba 2023 Texas A&M walikubali kumlipa kocha zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke tu. Piga hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi ya wale vijana.

Desemba 21, 2024, usiku wa mechi na Tennessee, kikundi chetu cha kanisa kilikuwa kwenye kibanda cha vinywaji uwanjani, tunauza chokoleti ya moto na baridi iko chini ya sifuri. Asilimia yetu ya mauzo ilinunua viti vya darasa la watoto. Kwa hiyo hata mimi nimeonja, nisikudanganye. Lakini nilipotoka nilimwona mchezaji mmoja anachechemea kuelekea basi, mama yake amembebea begi. Na Desemba hiyohiyo vijana hawa wana mitihani.

Wenzako wanaotaka timu 16 au 24, waambie mama yako anakataa mpaka wachezaji wawe na chama kinachokaa mezani siku mkataba wa televisheni unapojadiliwa. Kabla ya hapo, kila raundi inayoongezwa ni magoti yao na akaunti za wengine.

Kikundi kimeomba kibanda tena mwaka huu. Ukipata likizo njoo, nafasi ya mtu wa kubeba barafu ipo, na glavu zako za zamani bado ziko kwenye droo ya chini.

Mama yako