Magazeti ya 1967 kwa tasnifu ya mawasiliano

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi kuchunguza jinsi magazeti yalivyoripoti Azimio la Arusha, maana Google haikupi cha maana. Funga Google kwanza. Nenda Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, uulizie East Africana. Huo ndio mkusanyiko wa machapisho ya Afrika Mashariki, na kwa mada yako sioni pa kuanzia pazuri zaidi. Beba kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka idara yako.

Kabla ya kuomba chochote, jua majina ya magazeti ya wakati ule. Ukiagiza Daily News ya Februari 1967 hutapata kitu: lilizaliwa 1972, Standard na Nationalist zilipounganishwa. Kwa hiyo omba Standard, lililokuwa bado mikononi mwa wageni. Nationalist na Uhuru, ya TANU, chama tawala cha wakati ule. Na Ngurumo, la Kiswahili na la binafsi. Soma toleo la tarehe ileile katika yote manne, uone nani kaiweka habari ukurasa wa mbele na nani kaisukuma ndani. Hapo ndipo tasnifu yako ilipo, kwa maoni yangu.

Andika tarehe, ukurasa na safu papo hapo. Tafadhali usiahirishe hilo!

Kwa makala za kitaaluma, pitia African Journals Online na jarida la African Communication Research la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), Mwanza. Kukiwa na makala ya kulipia, mwone mkutubi kabla hujatoa pesa. Huenda chuo kimeshalipia.