Jiko la bibi, sementi ya mjukuu

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, tumerithi nyumba ya babu hapa Malindi, Unguja. Nataka jiko la kisasa kabla ya Ramadhani. Nianze na kabati au marumaru?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo hilo nilimuuliza fundi wangu miaka minne iliyopita, na jibu lake limenila jiko zima.

Nyumba yetu ni ya bibi mzaa mama, imo Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho mkokoteni ukipita watu hubana ukutani. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene hata dirishani unakaa na sahani yako. Jiko liko chini, upande wa uani. Ukuta mmoja ulikuwa unatoka jasho kila masika na kupukutisha unga mweupe. Fundi akaugonga kwa nyundo, akasema, "Chokaa hii imechoka, dada. Tuibandue, tupige sementi, utasahau." Nikafurahi! Marumaru nyeupe mpaka darini, kabati za kijivu, kaunta ya zege katikati kama ninavyoziona kwenye simu. Picha nikazituma kwenye kundi la familia hata rangi haijakauka.

Masika ya pili marumaru ukizigonga zinalia kama kibuyu. Ya tatu zikaanguka saba kwa usiku mmoja. Kabati zilivimba chini kama maandazi. Wifi yangu alikuja kutoka Muscat, akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema mbele ya wageni: "Jiko zuri, wifi, lakini linanuka mvua." Tumeshapatana, tunapigiana simu, lakini neno lile bado limenikaa kooni.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mwashi. Marumaru hakuziangalia hata kidogo. Alitoka nje, akatazama juu, akauliza maji ya paa la jirani yanaangukia wapi. Yalikuwa yanaangukia mguuni pa ukuta wangu. Akaniambia: "Ukuta huu zamani ukinywa na kutema. Wewe umeuziba mdomo."

Ndivyo ilivyo. Tumbawe ni jiwe la vitundu. Unyevu unapanda kutoka ardhini pamoja na chumvi yake, na chokaa inauruhusu kutoka pole pole. Sementi inaufungia ndani, basi unatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni juu. Tulipobandua, vichwa viwili vya boriti vilikuwa vimeoza ndani ya ukuta. Nilivichokoa kwa kijiko cha chai. Boriti hizo za mikoko ndizo zinazobeba chumba cha mama. Nilikaa chini sakafuni nikalia, siwafichi. Sote tunakumbuka Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale la hapa Mji Mkongwe, ilivyoporomoka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na maji. Paa, mfereji, bomba la chuma lililokula kutu ndani ya ukuta, karo la uani. Ukishamaliza, rudi tena kwenye maji. Na usimwage zege zito ghorofani juu ya boriti za zamani kabla mtu anayejua hajazitazama. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe omba mapema, kabla hujamlipa mtu. Halafu maji, nimeshasema?

Miezi mitatu ya kupiga chokaa tabaka kwa tabaka na kungoja ikauke siisimulii, haina utamu wowote. Nitasimulia mbuzi.

Katika lile jiko la kwanza mama alichungulia mara moja, akauliza: "Na mbuzi nitamweka wapi?" Nikamwambia siku hizi tui linauzwa dukani. Hakujibu. Miaka mitatu mama yangu alikuna nazi ukumbini, ameupa mgongo mlango wa jiko langu la milioni tisa. Hili la pili halina kaunta ya katikati. Lina pembe tupu karibu na dirisha, sakafu kavu, anakaa na mbuzi wake na kifuu chake, na kinu kimesimama pembeni. Kabati ni chache, za mninga, zimesimama kwa miguu, hazigusi ukuta. Ukuta ni mweupe wa chokaa, na ndiyo, ukiuegemea na buibui jeusi unachafuka.

Siku hizi tunajenga majiko ya kutazamwa. Tunawauliza watu wa mbali ambao nyumba zao hazijui chumvi, na mama aliyepika humo miaka arubaini hatumuulizi. Muulize, naye atakuonesha ukuta gani hutoka jasho na mwezi gani.

Marumaru usinunue sasa. Ramadhani hii pika kwenye jiko la zamani. Masika yakianza, mvua kubwa ya kwanza ikipiga, ingia na tochi, pitisha kiganja ukutani kuanzia sakafuni kwenda juu, na pale panapoishia ubichi piga alama ya mkaa. Kisha nitumie picha.