Maswali yenu kuhusu futiboli ya vyuo Marekani: Kusini inabebwa?

Tangu niandike kuhusu mtoano wa timu 12, unaompata bingwa wa taifa wa vyuo katika futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mkononi, maswali yamekuwa mengi. Nimeyachukua matano.

Naishi Columbus, Ohio. Wenzangu kazini wanasema timu za Kusini, yaani majimbo ya kusini mwa Marekani, zinabebwa. Kuna ukweli?

Hazibebwi, ndugu yangu. Zina wachezaji mlangoni. SEC, ligi ya vyuo vya Kusini Mashariki, ilitwaa ubingwa wa taifa mara saba mfululizo, kuanzia msimu wa 2006 hadi 2012: Alabama mara tatu, Florida mara mbili, LSU (chuo cha jimbo la Louisiana) na Auburn mara moja moja. Mwamuzi hawezi kubeba watu miaka saba.

Tazama Belle Glade na Pahokee, miji midogo kando ya Ziwa Okeechobee, Florida. Udongo mweusi, miwa kila upande. Mashamba yanapochomwa kabla ya mavuno, sungura huchomoka kwenye moshi na watoto huwakimbiza kwa miguu mpaka wawakamate. Aliyekulia Kilombero au Mumias anaujua moshi huo. Huko ndiko walikotoka nyota Fred Taylor, Anquan Boldin na Santonio Holmes. Wawili wa kwanza walibaki kwenye vyuo vya Florida. Holmes alikuja hapo hapo kwenu, akaichezea Ohio State. Wakumbushe wenzako kwamba na wao wamekula matunda ya Kusini.

Mimi ni mwalimu, Arusha. Kusini imekuwa na nguvu hizi siku zote?

Timu kali zilikuwepo, mwalimu, lakini zilikuwa zikiwafukuza vijana wao wenyewe, na hapa ndipo panaponiuma. Mchezaji wa kwanza Mweusi kucheza futiboli ya SEC alikuwa Nate Northington wa Kentucky, mwaka 1967. Kabla ya hapo kijana Mweusi mwenye kipaji alikwenda chuo cha Weusi, au alifunga safari ya kaskazini. Bubba Smith alitoka Beaumont, Texas, mpaka Michigan State, na mwaka 1966 timu yao ikamaliza msimu bila kupoteza mechi.

Septemba 1970 USC ya California ilitua Birmingham na kuichapa Alabama 42 kwa 21. Sam Cunningham, kijana Mweusi, alikimbia na mpira yadi 135. Watu husimulia kwamba usiku ule ndio uliofungua mlango. Si hivyo kabisa: Alabama ilikuwa imeshamsajili Wilbur Jackson, ila wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza, akabaki kutazama. Vipaji vilikuwa mitaani miaka yote. Vyuo ndivyo vilivyovikataa.

Sisi wa Eldoret tunajua faida ya mwinuko. Huko haisaidii?

Inasaidia kidogo. Uwanja wa Wyoming, mjini Laramie, uko futi 7,220, yaani mita 2,200, juu kidogo kuliko kwenu. Mgeni anahema, lakini hewa nyepesi haijawapa Wyoming ubingwa wa taifa. Mchezo huu hauchezwi kwa mapafu peke yake. Unataka watu wazito, wengi, wa kupokezana.

Kucheza nyumbani ndiko kunakolipa. Desemba 2024, mtoano ulipochezwa vyuoni kwa mara ya kwanza, wenyeji wote wanne walishinda. Tennessee walikwenda Columbus kwenye baridi kali wakarudi na kipigo cha 42 kwa 17.

Timu ndogo ikishinda mechi zote, kwa nini isiwe bingwa?

Waulize Boise State, Idaho. Januari 1, 2007 waliifunga Oklahoma 43 kwa 42 katika muda wa ziada, wakamaliza 13 bila kufungwa, timu pekee ya daraja la juu isiyo na doa msimu ule. Ubingwa ukaenda Florida, iliyokuwa imepoteza mechi moja. Wakati ule fainali ilikuwa ya timu mbili tu, zilizopangwa kwa kura na kompyuta. Ulikuwa uonevu, na sijabadili mawazo. Katika mtoano wa 2024 Boise waliingia, Penn State wakawatoa 31 kwa 14. Kufungwa uwanjani kunavumilika.

Shikamoo. Niko Dar, ndiyo naanza kufuatilia. Naona wachezaji sasa wanalipwa. Pesa italeta usawa? Na nichague timu ipi?

Marahaba, mwanangu. Tangu Julai 1, 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, kwa mfano kwenye matangazo, na tangu 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwagawia wanamichezo wake pesa; kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5. Anayekaa benchi Alabama leo anahama akacheze kwingine, na hilo ni jema. Lakini pesa kubwa ni ya televisheni, na hiyo imevunja ujirani. USC, UCLA, Oregon na Washington, vyuo vya pwani ya magharibi, walihama ligi yao ya Pac-12 wakaenda ligi ya Big Ten mwaka 2024. Los Angeles sasa iko ligi moja na New Jersey, upande wa pili wa nchi. Katika Pac-12 wakabaki wawili tu, Oregon State na Washington State.

Chagua Washington State. Wako Pullman, mji mdogo katikati ya vilima vya ngano, na waliachwa bila kosa. Septemba ya mwaka ule ule wa 2024 walikwenda Seattle kucheza na Washington, jirani aliyewakimbia. Mwishoni walikuwa mbele 24 kwa 19, Washington wamebakiza yadi moja kufika mstari wa goli, na jaribio moja la mwisho. Washington State wakawazuia pale pale.