Kubuni mfarishi bila pateni

Dada, umeuliza kama mtu anayejifunza anaweza kushona mfarishi wa viraka, yaani tandiko la kitanda la vipande vya nguo vilivyoungwa, bila kufuata pateni (mchoro wa kukatia na kupangia vipande) ya kununua, nami najibu kwa moyo wote kwamba anaweza. Kina mama wa Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi katika jimbo la Alabama, wameshona hivyo kwa vizazi kadhaa, mara nyingi kwa nguo kuukuu za shamba, na mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York.

Anza na kipande kimoja cha katikati, kisha ukizungushie vipande virefu, upande baada ya upande, hadi ufikie upana wa kitanda. Kila mzunguko unapokamilika, itandaze kazi sakafuni na usimame mbali kidogo uitazame, kwani rangi inayopendeza mkononi huweza kuzimeza nyingine zote. Kitenge kipya huweza kuchuja, hivyo kifue kwanza. Mimi hupiga pasi kila mshono kabla ya kuunga kipande kingine, na nafasi ya mshono, yaani umbali kati ya mshono na ukingo wa kitambaa, ya robo inchi naiheshimu sana; hapo tu ndipo ninapotumia rula.