Wi-Fi kukatika baada ya kusasisha simu
Ndugu, kwa kuwa Wi-Fi ilianza kukatika baada ya kusasisha simu, ilhali vifaa vingine vinavyotumia ruta hiyohiyo havina tatizo, yaelekea kasoro imo kwenye simu yenyewe. Kwanza ufute mtandao huo katika orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, uzime simu na kuiwasha, kisha uingize nywila upya. Ikishindikana, weka upya mipangilio ya mtandao pekee. Hatua hiyo haigusi picha wala ujumbe wako, ila hufuta nywila zote za Wi-Fi pamoja na vifaa vya Bluetooth ulivyoviunganisha, kwa hiyo ziandike mahali kwanza. Kurejesha simu katika hali ya kiwandani, yaani kufuta kila kitu ulichoweka humo, jambo ambalo wengi hulikimbilia, ningekushauri ulisubirishe kabisa.