Haja Haiingii Kwenye Chupa

SWALI: Natafsiri kijikaratasi cha wagonjwa wa saratani ya kibofu cha mkojo wanaopata tiba ya kinga ya mwili. Kuna vitu hupimwa kwenye mkojo wao ili kujua tiba inakwendaje. Niandike "alama za haja ndogo" au "viashiria vya haja ndogo"?

JIBU: Viashiria. Alama za mkojo zinakaa kwenye godoro. Kiashiria kinatokana na kuashiria, ndugu yake ishara, yote mawili tuliyaazima kwa Waarabu. Hudokeza tu, hakihukumu, na hapa ndivyo ilivyo: kibofu kikivimba kwa sababu ya tiba yenyewe, baadhi ya vipimo huweza kupanda hata kama saratani haipo. Ndiyo maana madaktari bado wanaingiza kamera wajionee.

Sasa tuje kwenye hiyo haja ndogo, maana imenichosha. "Sampuli ya haja ndogo." "Haja ndogo imepelekwa maabara." Imepelekwaje? Haja ni uhitaji. Mtu hushikwa na haja, hubanwa nayo, huenda haja. Akishajisaidia haja imekwisha. Kilichomo chupani ni mkojo. Ukiniandikia "viashiria vya haja ndogo" namwona mtu mkutanoni, amebana mapaja, goti linacheza, jicho li mlangoni, na mzungumzaji ndiyo kwanza anasema "nikimalizia, nina mambo saba". Viashiria hivyo havihitaji maabara.

Utaniambia ni adabu. Mbele ya wakwe nami huenda haja, sikojoi. Lakini mtazame mgonjwa wako. Anaingiziwa BCG kibofuni kwa mpira, ile ile inayochanja watoto dhidi ya kifua kikuu, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa wiki 6, na kila mara anaambiwa ajizuie kama saa 2. Saa hizo ana haja, tena kubwa kwa udogo wake, ila mkojo hampi mtu. Baadaye akikojoa, mkojo huo ndio unaoweza kupimwa intalukini, protini zinazomwagwa na seli za kinga zikishaamshwa. Halafu BCG hukiwasha kibofu, naye akawa anabanwa kila mara. Sasa karatasi ikisema "viashiria vya haja ndogo vimeongezeka", muuguzi aelewe nini? Kwamba kinga imeamka, au kwamba mgonjwa hatoki chooni? La kwanza ni habari njema, la pili ni usumbufu wa dawa.

Kwa hiyo: viashiria vya mkojo. Mlangoni mwa choo bandika haja ndogo upendavyo, sitakuja kuibandua.

Na usishawishike kuiita tiba hiyo "kingatiba" kwa kufupisha. Neno hilo lina mwenyewe: dawa wanazogawiwa watu kwa pamoja dhidi ya kichocho na matende, akiwamo asiyeumwa chochote. Mgonjwa wako anaumwa.